Hasali Jumuiya: Maneno Mawili Yanayoamua Msiba

Na Mwandishi Wetu

*Wema wa makanisa ya pembezoni mwa Dar es Salaam huanzia kwenye mkeka na daftari la Jumamosi asubuhi. Daftari hilohilo ndilo linalowaacha wengine nje.*

Mtu akifia kwenye chumba cha kupanga Mbagala au Tandale, mambo mawili huanza kwa wakati mmoja. Ndugu wanapigiwa simu Kigoma, Mbeya au Moshi, na jirani mmoja anatumwa akamtafute mwenyekiti wa jumuiya.

Mwenyekiti akifika, kabla ya habari za jeneza, turubai na nauli, swali huwa moja: marehemu alikuwa anasali jumuiya gani?

Jibu likipatikana, msiba una wenyewe. Haipiti saa nyingi kina mama wamefika na masufuria, vijana wamekwenda kuchukua viti vya plastiki, mweka hazina ameshika daftari la rambirambi, na katibu anaandika barua ya kwenda kwa paroko au mchungaji ili ibada ya mazishi ipangiwe saa.

Jibu lisipopatikana, yanasemwa maneno mawili ambayo kila muumini wa jiji hili anayajua: hasali jumuiya. Watu hawaondoki, maana jirani ni jirani, awe Mkristo au Mwislamu. Lakini barua inasuasua. Padri au mchungaji pengine haji, anatumwa katekista au mzee wa kanisa afanye sala fupi. Ndugu wanaoshuka kwenye basi usiku, macho yamewavimba, wanapokelewa kwa maswali kabla ya pole.

Swali hilo limewaokoa watu wengi katika vitongoji vya Temeke na Kinondoni. Limewaumiza pia. Gazeti hili limeona si haki kusimulia upande mmoja na kuuficha wa pili.

Mji wa watu waliokuja

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwakuta 5,383,728, yaani zaidi ya milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi. Temeke peke yake ilihesabiwa watu 1,346,674, na Kinondoni 982,328.

Wengi wa walioongezeka hawakwenda Posta wala Upanga. Walikwenda Chamazi, Charambe, Toangoma, Bunju, Mabwepande, kule ambako kiwanja kilikuwa bado kinanunulika na barabara ilikuwa bado inaahidiwa. Mabwepande kwenyewe kuna waliopelekwa na serikali baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuwatoa bonde la Msimbazi.

Wakristo wa vitongoji hivi, kwa sehemu kubwa, ni watu wa bara. Ukoo umebaki kijijini. Mjomba wa kuja kukaa kikao yuko mwendo wa siku nzima kwa basi, na shangazi wa kumwosha mgonjwa naye hana nauli. Anayebaki karibu ni mpangaji wa chumba cha pili, ambaye naye ametoka kwao.

Majengo ya kanisa hayakuwahi kwenda na kasi hiyo. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front yote yalijengwa mjini, karibu na maji ya bandari, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20. Huku pembezoni parokia moja huzaa vigango, vigango navyo hugeuka parokia, na bado Jumapili watu wanasimama nje kwenye jua wakisikiliza spika.

Padri mmoja hawezi kuwajua watu wote hao. Ndipo ilipoingia jumuiya.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi na kuamua kwamba kujenga Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ndiyo iwe kazi ya kwanza ya kichungaji. Kwa Tanzania wazo lilikuwa tayari lina mtetezi: Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, ambaye alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa pamoja na wanakijiji. Wananchi nao walikwishazoea nyumba kumi za TANU. Kukusanyika kwa majirani wachache wanaofahamiana halikuwa jambo geni.

Walutheri wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani nao wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba. Wapentekoste wanaziita seli au makanisa ya nyumbani. Majina yanatofautiana, mkeka ni ule ule.

Kwenye matangazo

Jumuiya nyingi za jijini hukutana Jumamosi alfajiri, saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu, kabla mama ntilie hajawasha moto na bodaboda hajapata abiria wa kwanza. Wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mwenye nyumba hufagia uwanja, hutandika mikeka na kuazima viti kwa jirani.

Husomwa masomo ya Jumapili inayofuata. Wachache wanatoa tafakari, wengine wanasinzia kidogo, kapu la sadaka linapita. Yakija maombi, mtu anasema mambo yake mbele ya watu: mtoto hajapata ada, mume hajarudi tangu Jumanne, vipimo vya Mwananyamala vimetoka na si vizuri.

> Neno likishasomwa na wimbo kuimbwa, kazi yenyewe huanza kwenye matangazo.

Baada ya hapo katibu anafungua daftari. Anaita majina, na asiyeitika anaulizwa na wengine yuko wapi. Mara ya kwanza husemwa amesafiri. Asipoonekana wiki ya pili, wanachaguliwa wawili wakamwone.

Hicho, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote makanisa yaliyonavyo katika jiji hili. Hospitali inamjua aliyefika hospitali, na serikali ya mtaa inamjua anayekuja kutafuta barua. Ila mtu aliyejifungia chumbani siku nne kwa sababu kodi imemshinda, au kwa sababu wakopeshaji wa kausha damu wamebeba kitanda na televisheni, atajulikana na nani? Wapo watu wawili wanaobisha hodi Jumamosi saa tatu wakiwa na kilo mbili za unga, sukari na sabuni ya kipande. Si fedha nyingi, na deni halilipiki kwa unga. Lakini mlango umefunguliwa na mtu ameonekana.

Chang'ombe, 1992

Anayedhani utaratibu huu ni wa unga na sabuni tu arudi nyuma miaka zaidi ya 30.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana. Miaka michache baadaye ugonjwa ulikuwa umeenea nchi nzima, na Dar es Salaam, mji wa kila anayetafuta maisha, haukuweza kuukwepa. Msibani jina halikutajwa. Marehemu aliumwa kifua, au alirogwa na wenzake wa kazini. Sahani ya mgonjwa ilitengwa, kikombe chake kikawekwa juu ya kabati.

Makanisani nako maneno yalikuwa makali. Palihubiriwa adhabu. Waliokuwa wakiumwa waliyasikia wakiwa wamekaa benchi la nyuma, kisha wakaacha kuja.

Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha WAMATA jijini, chama cha walio katika mapambano na ugonjwa huo. Mwaka 1992 ikazaliwa PASADA, huduma ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam. Chimbuko lake ni kikundi kidogo cha watu waliokuwa wakiishi na virusi, waliotafuta mahali pa kukutana chini ya mwavuli wa Kanisa. Makao yake yakawa Chang'ombe, Temeke.

Inafaa kukumbuka maana ya huduma wakati ule. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Kwa miaka kumi na zaidi kabla ya hapo mhudumu aliyekwenda nyumbani kwa mgonjwa hakuwa na kitu cha kumponya. Alikwenda kumgeuza, kumwosha vidonda, kumkorogea uji, kumwangalia kama amemeza vidonge vya kifua kikuu, na kuwafundisha wa nyumbani kwamba kula naye hakuambukizi.

Waliofanya kazi hiyo majumbani walikuwa hasa watu wa kujitolea. Kuwapata katika mitaa ya Temeke isiyo na namba za nyumba ilikuwa rahisi kuliko mgeni anavyoweza kudhani, kwa sababu mtandao ulikuwapo tayari. Anayejua nani hajaonekana wiki mbili ndiye pia anayejua mlango wa kubisha.

> Mhudumu hakuwa na kitu cha kuponya. Alikuwa na uji, maji ya moto na anwani.

Jambo moja zaidi, na kwa makala haya ni kubwa. PASADA haikuuliza dini. Temeke ni wilaya yenye Waislamu wengi, na waliohudumiwa walikuwa wa dini zote. Hakuna aliyetakiwa kuonyesha kadi ya jumuiya ndipo aoshwe kidonda.

Mambo hayakuwa safi yote. Kanisa lile lile lililowaosha wagonjwa Chang'ombe lilikataa kondomu madhabahuni, na wapo wataalamu wa afya ambao mpaka leo hawajalisamehe kwa hilo. Hoja zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na kuondoa mojawapo ni kuandika tangazo badala ya habari.

Fedha za Marekani zilipoanza kuingia kwa wingi kupitia mpango wa PEPFAR wa mwaka 2003, huduma za aina hii zilikua. Julai 2005 Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, alifika PASADA. Miaka 20 baadaye upepo uligeuka: Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje, na miradi mingi ya VVU nchini ikatikisika. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuwa umekuta asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi. Kwa hiyo swali la nani atambishia hodi mgonjwa aliyeacha kuchukua dawa limerudi, na halina mfadhili.

Orodha kwenye simu

Sasa upande wa pili.

Daftari lililobuniwa kuwajua watu limejaa safu za fedha. Muulize mwanajumuiya yeyote akutajie: zaka au bahasha ya ahadi, ujenzi, mavuno, kutegemeza parokia, jubilei, pikipiki ya katekista, kitenge cha sare. Kila mchango una sababu yake na ukiutazama peke yake hauna ubaya. Ukiijumlisha mbele ya fundi cherehani mwenye watoto watatu, inakuwa kodi ya mwezi.

Zamani deni lako alilijua mweka hazina. Siku hizi orodha inapandishwa kwenye kundi la WhatsApp, majina na kiasi, aliyemaliza ana alama ya tiki, asiyetoa jina lake lina nafasi tupu pembeni. Inasambazwa asubuhi, inarudiwa jioni. Hakuna aliyemtukana mtu. Lakini anayeuza ndizi za kukaanga kituo cha Mbagala Rangi Tatu, akiona jina lake tupu mara tano, Jumamosi inayofuata hatakuja. Wiki ya pili hatakuja tena. Na wale wawili waliochaguliwa wakamwone, atawafungulia mlango akidhani wamekuja kudai.

Hapa ndipo wema unapojifunga kamba wenyewe. Mwenye shida kubwa ndiye wa kwanza kukosekana, na akikosekana miezi mingi ndiye anayekuja kusemwa, siku ya msiba, kwamba hasali jumuiya.

> Mwenye shida kubwa ndiye wa kwanza kukosekana.

Viongozi wana majibu, na hayastahili kupuuzwa. Wanasema wengi huikumbuka jumuiya mambo matatu tu: ubatizo wa mtoto, ndoa na mazishi. Wanasema bila barua ya mwenyekiti paroko angesainishwa ndoa za watu wenye ndoa nyingine mkoani. Wanasema masufuria, mahema na viti vinavyotumika msibani vilinunuliwa kwa shilingi mia tano mia tano za waliokuwa wakija kila wiki, kukiwa na mvua au jua. Mwenyekiti halipwi, na aghalabu ni mwalimu mstaafu au mama mwenye kibanda, ambaye msiba wa usiku wa manane unamwamsha yeye.

Wana hoja nyingine isiyosemwa sana. Machi 2021, katika wimbi la pili la korona, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padri Charles Kitima, alieleza kwamba ndani ya takribani miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki dunia. Baraza hilo lina ofisi zake Kurasini, Temeke. Walei ndio waliobaki wakizungukia wagonjwa, wengine wakiwa wamevaa barakoa za kushona wenyewe. Chombo kinachosimama wakati wachungaji wanaanguka, wanasema viongozi, hakiendeshwi bila kanuni.

Sawa. Kanuni za kuhudhuria ni jambo moja, orodha ya fedha kwenye simu ni jambo lingine. Kuzichanganya ni uamuzi, si lazima. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa 1972, uliujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, hapo hapo Temeke, katika jubilei ya miaka 50 Septemba 2022. Kina mama wenye uwezo wa kufanya hivyo hawahitaji kumwaibisha muuza ndizi ili wapate hela ya sukari ya mgonjwa.

Kawe hawaulizi kadi

Wanaoaibika huenda wapi? Wengine wanabaki nyumbani. Wengine wanapanda daladala kwenda Kawe.

Katika viwanja vya Tanganyika Packers, Kinondoni, mikusanyiko ya Mtume Boniface Mwamposa huvuta umati mkubwa. Si jambo jipya jijini: katika miaka ya 1990 maelfu walikwenda Ubungo kwa Padri Felician Nkwera kutafuta maombezi, na uongozi wa Kanisa Katoliki ukaingia naye kwenye mgogoro mrefu.

Ni rahisi kwa wasomi kuwacheka wanaokwenda na chupa za maji na mafuta ya upako. Lakini umati una huruma yake ya namna ya pekee. Hakuna anayejua kodi yako imepita miezi mingapi. Unalia kwa sauti, na aliye pembeni anakushika mkono bila kukuuliza jina.

Umati huo huo unaweza kuua. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako katika mkutano wa Mwamposa. Na hata pasipo ajali, umati hauna wa kuuliza Jumamosi ijayo yuko wapi yule dada wa gauni la bluu. Akiugua, anaugua peke yake, na akifa, swali ni lile lile la jumuiya gani.

Mpaka wa ua

Kuna wanaosema jumuiya ni ya waamini, haiwezi kuwa ustawi wa jamii wa mtaa mzima. Mbagala ina historia ya kuwajibu.

Oktoba 2012 ugomvi wa watoto wawili kuhusu Kurani uligeuka hasira ya umati, na makanisa kadhaa ya Mbagala yakavamiwa, mengine yakachomwa. Rais Jakaya Kikwete alifika kujionea. Wakati ule wengi walidhani ujirani wa mitaa hiyo umekwisha. Haukuisha. Mpaka leo kwenye msiba wa Mkristo wa Kizuiani utamkuta mama wa Kiislamu akipepeta mchele, na kwenye arobaini ya jirani yake Mwislamu, kina mama wa jumuiya wakimenya vitunguu.

Masufuria hayo yananunuliwa na jumuiya lakini yanapita ua. Ikiwa yanaweza kwenda kwa jirani wa dini nyingine bila kadi, ugumu uko wapi yasiende kwa Mkristo mwenye nafasi tupu kwenye orodha?

Dawa yake haihitaji sinodi wala waraka. Jumuiya ziwe na madaftari mawili: la watu, linalofunguliwa kila Jumamosi na kusomwa kwa sauti, na la fedha, linalobaki mikononi mwa mweka hazina na kusemwa na mhusika faraghani. Barua ya mazishi isainiwe kwa kutazama la kwanza tu. Atakayepinga atasema michango itashuka. Huenda ikashuka kweli, na parokia ikachelewa kupiga bati.

Kwa anayehamia Chamazi au Bunju mwezi huu: muulize Mangi wa duka la karibu jumuiya inakutana kwa nani wiki hii, anajua. Njoo na barua ya utambulisho kutoka ulikotoka, na kama huna, fika hivyo hivyo saa kumi na mbili na nusu. Katibu atakuuliza jina, kwenu na namba ya simu. Akikuuliza na kiasi utakachoahidi kwa ujenzi, mwambie utamjibu wiki ya pili.